Mwanamke Asiyepaka Mafuta

Usiku ule Émérence hakupanda kitandani. Aliketi kwenye kigoda nyuma ya mlango, taa ameizima ili isile mafuta ya taa bure, masikio yake yakiwa njiani. Mtu anayetoka mtaa wa Kataki kuja kwake alikuwa hana budi kuvuka mtaro kwa kidaraja cha mbao, na ubao mmoja wa kidaraja kile ulikuwa umelegea. Kila ubao ulipogonga, Émérence alisimama na kushika komeo. Mara ya kwanza walikuwa walevi wawili wakibishana juu ya kiatu. Mara ya pili alikuwa mbuzi. Mara ya tatu hakujua alikuwa nani, maana hatua zilipita nyumba yake bila kupunguza mwendo, zikaishia mbali.

Alingoja habari moja tu: kwamba Henriette, mtoto wake wa pekee, amejifungua salama. Uchungu ulimshika Henriette tangu asubuhi ya siku iliyotangulia. Mama Domitille, mama mkwe wake, alituma neno moja tu kutoka Kataki: "Abaki kwake. Tutamwita." Basi Émérence akabaki. Hakuitwa jioni, hakuitwa usiku wa manane, na jogoo wa jirani alipowika alikuwa bado amekaa na mkono kwenye komeo.

Kwa watu wa kwao, mimba ya kwanza huzaliwa kwa mama. Mwezi wa saba binti hukunja mkeka wake, hurudi nyumbani, hulishwa, hukandwa, na mkono wa kwanza kumpokea mtoto ni wa bibi mzaa mama. Henriette hakurudi. Hakukuwa na ugomvi wa mahari, wala Casimir mume wake hakuwa mtu wa maneno. Kilichomzuia ni mafuta. Mama yake alikuwa na miezi minane hajapaka mafuta mwilini.

Hapa lazima turudi nyuma kidogo.

Émérence alizaliwa kijiji cha pwani ya ziwa, upande wa kwenda Moba. Masista walimfundisha miaka mitatu, akajua kusoma polepole na kuandika jina lake kwa herufi za kusimama, kisha baba yake akasema inatosha. Aliolewa na Augustin, mtu mpole aliyelima mihogo na mboga kando ya mto Lukuga, wakaja kujenga Kitali, mtaa wa mji wa Kalemie. Walizaa mara nne, akabaki Henriette. Ndiyo maana watu walimwita Mama Henriette, na ndiyo maana pia alikuwa mama wa kuhesabu: alihesabu pumzi za mtoto akilala, alihesabu hatua zake akienda shule, na hata alipokwisha kuolewa alihesabu siku tangu alipomwona.

Augustin alianza kusinzia mezani. Kwanza watu walicheka. Halafu akawa halali usiku, anazunguka uani akiongea na watu wasiokuwapo, na siku moja alimrushia Henriette sufuria ya moto, yeye ambaye hakuwahi hata kumfokea. Ndugu zake walisema amelogwa, na walipokuwa wakisema walimtazama Émérence. Walimzungusha kwa waganga mwaka mzima. Alipofikishwa kwenye kituo cha malale, ule ugonjwa wa usingizi, daktari alimchoma sindano mgongoni, akatikisa kichwa. Ni nzi, alisema. Mbung'o wa mtoni. Mngemleta mapema.

Alikufa mwaka themanini na mbili, wakati wa mvua.

Kwa watu wale, aliyefiwa hapaki mafuta. Ngozi yake huachwa ikauke, iwe ya majivu, na kila amwonaye hujua bila kuuliza. Siku ya kumaliza kilio, mjane hupelekwa majini, huogeshwa, na mawifi humpaka mafuta kutoka utosini hadi nyayo. Hapo ndipo marehemu ameagwa kweli, na mjane amerudi kati ya watu. Émérence alikaa mkavu mwaka mzima, akapakwa, akarudi. Baada ya hapo alikwenda kuomba kazi kwenye kituo kile kile cha malale, akapewa kuosha chupa.

Mkubwa wa laboratwari alikuwa Papa Bonaventure, mzee wa miwani mizito. Kwenye karatasi za ofisi alikuwa Sitwayeni, yaani Raia fulani, jina refu la mababu kama sheria ya Zaire ilivyotaka, lakini hakuna aliyemwita hivyo ila siku za mkutano wa chama. Aliona upesi kwamba mwanamke huyu havunji kitu wala hasahau kitu. Akamtoa kwenye chupa, akamweka kwenye nzi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kituo kilikuwa kimetega mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi kwenye mdomo wa Lukuga, kwa maana mbung'o hupenda rangi ya buluu kama mlevi apendavyo kilabu. Miaka miwili mbung'o wakaisha kabisa pale. Halafu wakarudi. Sasa wakubwa walitaka kujua: hawa waliorudi ni watoto wa wale wa zamani waliojificha mahali, ama ni wageni kutoka vijito vya Lubuye? Kama ni wa zamani, mitego iongezwe palepale. Kama ni wageni, kutega mdomoni ni kuteka maji kwa kikapu. Lakini mbung'o na mbung'o wanafanana. Waweke kwenye darubini, wanafanana.

"Utawajua kwa mafuta," Papa Bonaventure alimwambia.

"Mafuta gani, Papa? Nzi iko na mafuta?"

"Kila mududu iko na mafuta kwenye ngozi, Mama. Membamba, jicho haliyaoni. Njo hayo yanamuzuia asikauke kwa jua. Na kila ukoo uko na mafuta yake. Weye unapika sombe?"

"Nani hapiki sombe?"

"Basi. Mutaa muzima wanapika sombe, majani ni yaleyale ya muhogo. Lakini ukifungwa macho wakupe uonje, hautajua sombe ya nyumba yako?"

"Nitajua. Na ya jirani nitajua. Anazidisha mawese."

"Njo vile. Kule Ulaya wako na mashini. Wanaosha nzi kwa dawa, ile dawa inatoka na mafuta yake, mashini inaonja. Huyu mawese mengi, huyu karanga kidogo. Inachora mistari kwenye karatasi, milima midogo midogo. Ukoo mumoja, milima ya namna moja."

Émérence alilifikiri jambo lile siku nyingi. Mahali fulani katika ule mto alikuwako nzi mmoja aliyekaa juu ya shingo ya Augustin akanywa. Alikuwa na ukoo. Ukoo ule ulikuwa na alama, na alama ile ilisomeka. Hakumwambia mtu kwamba alikuwa anafikiri hivyo. Angemwambia nani?

Basi akawa anawakausha mbung'o ndani ya kioo, mmoja mmoja, anawatia kwenye vichupa visivyozidi kidole, mdomo wa kichupa umefunikwa kwa karatasi ya alumini, jina la kijito limeandikwa kwa kalamu ya risasi. Plastiki ilikuwa mwiko, kwa kuwa nayo hutoa mafuta. Moshi wa taa ulikuwa mwiko. Kidole ndicho kilikuwa mwiko mkubwa. Nzi alishikwa kwa pensi, kikoleo chembamba cha chuma kilichooshwa kwa dawa nyeupe inayonuka kama petroli ya gari.

Wakapeleka vichupa mia mbili. Mwezi wa nane mwaka themanini na sita barua ikarudi. Papa Bonaventure aliwakusanya wafanyakazi, akakunjua karatasi yenye mistari. Katikati ya milima midogo ulikuwa umesimama mlima mmoja mpana kama tumbo la kiboko, umeimeza yote.

"Hii si mafuta ya nzi," alisema. "Wanaandika kwamba ni vazelini. Karibu vichupa vyote. Kazi ya mwaka mumoja imekufa. Ni mukono wa nani?"

Kila mtu aliapa si yeye. Mlinzi aliapa, na hata yule wa kufagia uwanja, ambaye hakuwahi kuingia ndani, aliapa. Émérence alikuwa amesimama mlangoni. Kiangazi kile upepo wa ziwa ulikuwa umemla mikono, na ile dawa ya kuoshea ilikuwa imeipasua mpaka damu, naye kila usiku nyumbani aliisugua kwa vazelini ya kopo la buluu. Asubuhi alinawa kwa sabuni. Alidhani sabuni inatosha. Na pensi ilikuwa ya polepole. Nzi wakiwa wengi, alimshika mmoja mmoja kwa ubawa, kwa ncha za vidole, kidogo tu.

"Ni mimi," alisema.

Mzee alivua miwani akamtazama. Hakumfukuza. Alisema tutaanza upya, mvua zikianza, na mikono isipakwe kitu.

Mikono peke yake. Ndivyo alivyosema mzee, na mwanamke mwingine angeishia hapo. Lakini Émérence alijijua. Mtu hujikuna shingo bila kujua. Mtu hufuta jasho la paji. Mafuta hutembea, yanatoka bega yanakwenda kiwiko, yanatoka kwenye kikwembe cha kujifunga yanakwenda kidole. Usiku uleule alifunika kopo la vazelini, akalifunga kwa kitambaa, akaliweka juu ya kabati. Hakupaka mikono, hakupaka miguu, hakupaka uso. Alisema moyoni: mpaka kichupa cha mwisho.

Mwezi wa kwanza watu hawakuona. Mwezi wa pili majirani walianza kunyamaza akipita. Miguu yake ilikuwa myeupe mpaka magotini, na midomo imepasuka. Kwenye bomba la maji mwanamke mmoja alimuuliza, akicheka lakini hacheki, "Mama Henriette, kwenu kumetoka barua gani? Mbona hautuambii tuje kulia na weye?"

"Hakuna aliyekufa. Ni kazi."

"Kazi ya nini?"

Akajaribu kueleza. Nzi, mafuta, ukoo, mashini. Walimsikiliza mpaka mwisho, ndoo zikifurika. Kisha mmoja akasema, "Kwa hiyo nzi anapaka mafuta, weye ndiye unakauka," na bomba zima likaangua kicheko. Toka siku ile watoto walimwita Bibi wa Nzi. Hilo halikumwumiza. Lililomwumiza lilikuja baadaye, kwa sauti ya chini: yule mama anamlilia mtu ambaye hajafa bado.

Henriette alikuja mwezi wa tano wa mimba. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mgeni. Alinyoosha kidole akauchora mkono wa mama yake, kidole kikaacha mstari mweupe kama chaki.

"Mama, unamulilia nani?"

"Simulilii mutu, mwanangu. Nilikuambia."

"Uliniambia. Kazi gani inakataza mutu kupaka mafuta? Mwalimu anapaka. Daktari mwenyewe anapaka."

"Daktari hashiki nzi."

"Baba alipokufa ulikuwa vile vile." Henriette aliutazama mstari alioufanya. "Baba mukubwa alisema ulianza kukauka hata kabla hajafa. Alisema ulijua."

"Nilikuwa ninamwuguza. Nilikuwa na nafasi ya kupaka mafuta?"

"Basi paka leo. Nitakuchukulia kopo. Paka nione, halafu nitakuja kuzaa hapa."

Ilikuwa siku moja baada ya kuletwa mbung'o themanini kutoka Lubuye, na kesho yake asubuhi alikuwa awakaushe. Émérence aliangalia juu ya kabati. Angeweza kupaka, kisha kuoga kwa sabuni mara tatu. Alikwisha kudhani hivyo mara moja.

"Ngojea kidogo," alisema. "Zikiisha mvua."

"Mimba haingojei mvua," Henriette alisema, akaondoka. Hakuja tena.

Mwezi wa saba Mama Domitille alikuja mwenyewe, na wanawake wawili wa Kataki nyuma yake, chupa ya mawese mkononi. Alikuwa mwanamke mkubwa wa sauti, lakini siku ile aliongea taratibu kama anayebembeleza ng'ombe. "Mukwe wangu, sisi hatukutaki vibaya. Jipake hapa, mbele ya macho yetu, mutoto wako apate kutulia. Usiku halali. Anasema akifunga macho anaona ngozi yako." Émérence aliishika ile chupa. Aliishika muda mrefu hata wale wawili wakatazamana kwa tumaini. Kisha akairudisha. Mama Domitille alifunga chupa, akaifuta kwa majani mahali Émérence alipoishika.

Ndiyo maana usiku ule hakuitwa.

Kulipokucha alichukua ndoo akaenda bombani, maana hakuweza kuendelea kukaa. Muuza ndagala mmoja, mwanamke wa Kataki aliyekuwa akipita na beseni la samaki wadogo kichwani, alimwona akasimama.

"Pongezi, nkambo, bibi mupya," alisema. "Mbona uko hapa na ndoo?"

Émérence alishika ukingo wa ndoo kwa mikono miwili. "Amezaa?"

"Tangu jana, jua halijatua. Mwanaume, na sauti iko nayo, tumeisikia barabarani. Hawakukuambia?"

"Waliniambia," alisema Émérence. "Nilisahau tu."

Yule mwanamke alikuwa na huruma, alijifanya ameamini. Émérence aliacha ndoo chini ya bomba, haijajaa. Tangu jana jua halijatua. Usiku wote amesimama na kuketi, kusimama na kuketi, na mtoto alikuwa amekwisha kunyonya na kulala.

Njia inagawanyika penye duka la chumvi. Kushoto ni Kataki. Kulia ni kituo. Ilikuwa Jumatano, siku ya ndege ndogo ya kwenda Lubumbashi, itakayobeba vichupa; ingeondoka saa sita, na nyingine labda baada ya wiki tatu, labda zaidi, Zaire ile hakuna aliyejua. Vichupa vyote vilikuwa tayari sandukuni isipokuwa mbung'o kumi na mmoja wa mtego wa mwisho wa Lubuye, wanaokauka chini ya kioo. Papa Bonaventure macho yake hayakuweza tena, angewaponda. Wengine walikuwa na mikono iliyopakwa, kila mtu. Katika kituo kizima mikono mikavu ilikuwa miwili.

Alisimama pale mpaka mwenye duka akamuuliza kama anataka chumvi. Akaenda kulia.

Hakumwambia mzee. Alivaa koti jeupe, akaosha pensi, akaketi. Nzi wa kwanza. Nzi wa pili. Akaegemeza mkono kwenye meza. Alipofika wa sita alisikia maziwa, au alidhani anasikia, harufu ya kichwa cha mtoto mchanga, akasimamisha kazi akapumua kwa mdomo.

"Uko na nini, Mama?" aliuliza Papa Bonaventure.

"Sina kitu."

"Unalia."

"Ni dawa, Papa. Inachoma macho."

Wa kumi na mmoja alitiwa kichupani saa nne na nusu. Sanduku likafungwa kwa kamba, likapigwa muhuri, gari likalichukua. Hapo ndipo alipomwambia habari ya mjukuu. Mzee alikaa chini polepole.

"Ulisikia saa ngapi?"

"Alfajiri."

"Ungeniambia, ningekufukuza uende."

"Najua. Njo maana sikukuambia."

Mzee alisema, "Paka mafuta, Mama. Imekwisha," akageuka kupanga karatasi zilizokuwa zimekwisha kupangwa.

Nyumbani alioga maji mengi. Akapanda kigoda akalishusha kopo. Vazelini ilikuwa imeota vumbi juu ya kitambaa, ndani safi. Alianza na mikono. Ngozi iliinywa upesi, akaongeza, ikainywa tena. Akapaka uso, shingo, kifua, mapaja, nyayo zilizopasuka. Mgongo haukufikika. Siku ile ya kumaliza kilio cha Augustin mikono mingi ilimpaka kwa mara moja, wengine wakiimba. Sasa alijipinda mbele ya kioo kidogo, akafikia hadi pale mkono wake ulipokoma, akaacha. Akavaa blauzi ya libaya na kikwembe cha sikukuu, akatoka.

Alipokuwa akitembea aliona kwamba watu wanamtazama vingine. Hawakuwa wakinyamaza kwa dharau kama siku zote. Walisimama. Mwanaume aliyekuwa akitengeneza baiskeli alivua kofia. Karibu na Kataki mama mmoja mzee alimjia, akamshika mikono yote miwili, mikono inayong'aa.

"Pole, mwanangu," alisema. "Umemaliza kilio. Ni nani aliyeondoka?"

Émérence alisimama katikati ya njia. Miezi minane alikuwa amefikiri: wakiniona nimepaka, itakwisha. Hakuwaza hata mara moja kwamba aliyekausha ngozi akiing'arisha, maana yake ni moja tu. Yule aliyekuwa akililiwa ameagwa. Na jana katika nyumba ya Henriette ameingia mtu mpya duniani, mdogo, mwepesi wa kuondoka.

Alifikiri kurudi kuoga. Lakini sabuni haitoi, hilo alilijua kuliko mtu yeyote Kalemie. Akaendelea.

Nyumba ya Casimir ilikuwa ya matofali, mlango wa mbao uliopakwa rangi ya kijani. Casimir alikuwa bandarini. Mama Domitille alikuwa akianika vitambaa uani. Alipomwona, aliviacha vikaanguka, akaingia ndani. Komeo likalia.

"Hodi," alisema Émérence.

"Rudi," ilijibu sauti ya Mama Domitille kutoka ndani. Sauti yake kubwa ilikuwa imekuwa ndogo. "Miezi minane unakauka, tunakuomba paka, unakataa. Leo mutoto amezaliwa, unakuja unang'aa kama samaki. Nani amekufa? Umemuaga nani?"

"Sikumuaga mutu. Kazi imekwisha, nimepaka. Basi."

"Nani alikupaka?"

"Nilijipaka."

"Mutu hajipaki."

"Nilijipaka peke yangu, mukwe. Mbele ya kioo."

Kisha dirisha la pembeni likafunguka kiasi cha jicho. "Geuka."

Émérence aligeuka. Akashusha libaya mabegani, pale barabarani, mchana kweupe, mwanamke mzima mwenye mjukuu. Alijua kinachoonekana: shingo inang'aa, na chini yake, toka bega hadi bega, majivu.

Jicho lilikaa dirishani muda. "Huu mugongo haukupakwa na mutu," Mama Domitille alisema mwishowe, na ilikuwa kama anaongea na mwingine ndani. "Kilio hakimalizwi nusu. Labda ni kweli, ni wazimu wa nzi tu."

Lakini komeo halikusogea. Émérence alirudisha libaya. Akasikia kitanda kikilia, na sauti aliyoihesabu maisha yake yote ikaja karibu na mlango.

"Mama."

"Niko hapa."

"Ulipata habari saa ngapi?"

Angeweza kusema sasa hivi. Muuza ndagala alikuwa amekwisha kwenda zake, na ziwa halisemi.

"Alfajiri," alisema. "Kwenye bomba."

"Na sasa ni saa ngapi?"

"Saa nane."

"Ulikuwa wapi?"

"Kazini. Walibaki nzi kumi na mmoja. Ndege ilikuwa ya saa sita."

"Unasikia mwenyewe," Mama Domitille alisema ndani, bila ukali sasa, karibu kwa huzuni. "Nzi mbele, mutoto nyuma."

Émérence aliweka kiganja juu ya ubao wa kijani. Alitaka kueleza habari ya mashini na milima, lakini alikwisha kueleza mara nyingi, kwa watu wengi, na kila mara walicheka au waliogopa.

"Ni sababu ya mto uliomuua baba yako," alisema. "Hakulogwa, Henriette. Ni nzi alimwuma, na sijui alitoka wapi. Nilitaka kujua. Nilifikiri nikijua yule anatoka wapi, huyu wako hataumwa." Kisha akasema lililobaki, kwa kuwa lilikuwa la kweli. "Na pale kwenye njia panda nilisimama. Nilikuona upande mumoja na nzi upande mwingine. Nikaenda kwa nzi. Sina la kujitetea."

Ndani mtoto alikohoa kikohozi kidogo cha maziwa, akabembelezwa, akatulia. Jua lilikuwa limegeuka. Kivuli cha paa kilifika miguuni pa Émérence, kikapanda mpaka kwenye pindo la kikwembe. Watoto wawili wa jirani walikuja kutazama, wakachoka, wakaenda. Hakugonga tena. Alihesabu, kama desturi yake, akafika mia tatu na kitu, akapotea, akaanza upya.

"Usisimame, mwanangu, damu itatoka," sauti ya Mama Domitille ilisema.

Komeo likavutwa, si kwa mara moja. Lilikwama, likavutwa tena. Mlango ukafunguka. Henriette alikuwa amesimama, mkono mmoja ukutani, uso umevimba, nywele hazijasukwa. Alimtazama mama yake kuanzia miguuni, polepole, kama mtu anayesoma barua ya maneno magumu. Hakumwamkia, wala hakumwambia karibu. Aligeuka akarudi kitandani kwa hatua fupi za mzazi wa jana, na mlango akauacha wazi.